Lifti ya gereji Karatu: faida iko sakafuni

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayefikiria kuweka fedha zake katika lifti ya kuinulia magari mjini Karatu hana budi kuanza kwa kutazama chini kabla ya kutazama juu. Mashine yenyewe huonekana, hung'aa na huvutia wateja. Lakini kinachoishikilia ni bolti chache zilizozama ndani ya zege, na zege hilo ndilo linaloamua kama mtaji utarudi au utaanguka pamoja na gari la mteja.

Wiki hii safu hii inaliangalia jambo hilo kwa sababu biashara ya gereji za nyumbani ni sehemu kubwa ya riziki ya mji huu. Fundi ana kiwanja, ana banda nyuma ya nyumba, ana wateja wawili watatu wenye magari ya watalii, na sasa anatafuta mshirika wa kumwongezea fedha anunue lifti ya nguzo mbili. Mshirika huyo mara nyingi ni mwenye duka, mkulima wa vitunguu au mtumishi mwenye akiba. Huulizwa kuhusu bei ya lifti. Ni nadra kuulizwa kuhusu unene wa sakafu.

Kwa nini Karatu

Karatu iko kiasi cha kilomita 140 na ushei kutoka Arusha, na ndio mji wa mwisho mkubwa kabla ya lango la Lodoare la Hifadhi ya Ngorongoro. Barabara ya lami kutoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na Karatu hadi langoni ilijengwa kwa msaada wa Serikali ya Japani na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya hapo safari hiyo ilikuwa ya vumbi na mashimo mwanzo hadi mwisho. Watu wa biashara ya utalii waliuita mji huu "Safari Junction", maana magari yote ya kwenda kreta na Serengeti hupita hapa.

Lami, hata hivyo, inaishia langoni. Kutoka hapo gari hupanda hadi ukingo wa kreta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kisha hushuka kiasi cha mita 600 hadi chini, kwa barabara ya Seneto, na kupanda tena kwa Lerai. Wanaoendelea Serengeti hukutana na changarawe yenye mawimbi hadi Naabi. Safari za namna hiyo hula shokapu, springi, bushi, na breki. Gari lililotoka huko jioni linatakiwa liangaliwe chini usiku huo huo, kwa kuwa alfajiri linaondoka tena.

Hapo ndipo fedha ilipo. Kwa miaka ya karibuni ada ya gari moja kushuka kreta kwa wageni kutoka nje imekuwa Dola 250 za Marekani kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, mbali na viingilio vya watu. Mwenye kampuni ambaye gari lake limekwama gereji saa 12 asubuhi huku wageni wakisubiri hotelini hahitaji kufundishwa thamani ya fundi wa haraka. Atalipa, na mwezi ujao atarudi.

Aidha, ndani ya hifadhi yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1959, ujenzi unadhibitiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mtu hawezi kuamka tu na kujenga gereji ukingoni mwa kreta. Hivyo kazi inabaki Karatu.

Shimo, jeki na lifti

Mafundi wengi hufanya kazi kwa njia mbili za zamani. Ya kwanza ni shimo la gereji. Shimo ni rahisi kuchimba na haliharibiki, lakini wakati wa masika hujaa maji, mvuke wa petroli hutuama humo, na fundi hawezi kulivua gurudumu kwa raha. Ya pili ni jeki na mawe. Njia hii ndiyo ya hatari kuliko zote, kwani uhai wa fundi unategemea jiwe lisiteleze.

Lifti ya nguzo mbili huliacha gari likining'inia kwa mikono minne, magurudumu yakiwa huru. Kazi ya shokapu na breki huenda haraka, fundi husimama wima, na banda moja linaweza kuhudumia magari mengi zaidi kwa siku. Kwa hesabu ya biashara, hilo ni jambo jema lisilobishaniwa.

Hata hivyo kuna tofauti ambayo mwekezaji anapaswa kuielewa. Shimo halihitaji sakafu nzuri. Jeki hubeba pembe moja tu ya gari. Lakini lifti ya nguzo mbili haina miguu ya kujitegemea. Bila bolti za nanga ni vyuma viwili virefu vilivyosimamishwa. Kila kilo inayoinuliwa juu hujaribu kuing'oa nguzo kutoka sakafuni.

Mizani ya nguzo mbili

Wafanyabiashara wanaijua mizani ya mkono: uzito mdogo ukiwa mbali na mshikio hushinda uzito mkubwa ulio karibu. Nguzo ya lifti hufuata kanuni hiyo hiyo.

Tuchukue mfano. Land Cruiser ya safu ya 70 ikiwa tupu ina uzito unaozidi tani 2. Ikiongezwa urefu wa chesisi, viti vya watalii, paa la kufunguka, friji, matairi mawili ya akiba na tangi la ziada, hukaribia tani 3. Kila nguzo basi inabeba tani moja na nusu. Tuseme mikono ya lifti inalishika gari sentimita 80 kutoka ukingo wa ndani wa bamba la chini la nguzo, na bamba hilo lina upana wa sentimita 40. Zidisha kilo 1,500 kwa 80, kisha gawanya kwa 40. Jibu ni kilo 3,000. Hiyo ndiyo nguvu inayozivuta juu bolti za upande wa nje wa nguzo moja. Zikiwa tatu, kila moja inavutwa kwa tani nzima.

Lifti zenye boriti ya juu inayounganisha nguzo mbili hupunguza mzigo huo, maana boriti huzizuia nguzo zisiinamiane. Lakini mwenye busara hapigi hesabu yake kwa kutegemea msaada huo. Aidha mfano wetu umechukulia gari limewekwa sawasawa. Fundi akiliegesha likielemea nyuma, au akiishusha injini na giaboksi gari likiwa juu, uzito unahama na bolti za upande mmoja hubeba zaidi. Magari ya watalii yenye mzigo mwingi nyuma yana tabia hiyo tangu mwanzo. Kwa kazi ya kutoa injini ni lazima kuweka stendi ndefu chini ya upande utakaobaki mzito.

Kwa maneno mengine, mnunuzi wa lifti ananunua mvutano wa tani kadhaa dhidi ya sakafu yake. Swali ni kama sakafu hiyo ilijengwa kwa kazi hiyo.

Sakafu gani inafaa

Watengenezaji wengi wa lifti za tani 4 hadi 4 na nusu hutaka zege lenye unene usiopungua inchi 4, yaani sentimita 10, na nguvu isiyopungua paundi 3,000 kwa inchi ya mraba, sawa na takriban Newton 21 kwa milimita ya mraba. Wengine, hasa wa Ulaya, hutaka sentimita 15 hadi 20. Kitabu kinachokuja na mashine ndicho chenye neno la mwisho, na mnunuzi asikubali kupewa lifti isiyo na kitabu.

Hapa ndipo gereji nyingi za nyumbani hukwama. Sakafu ya nyumba ya kawaida humwagwa juu ya mawe ya kujazia kwa unene wa inchi 2 au 3, kisha hupigwa niru juu yake. Ukiitazama ni nzuri, laini na ngumu. Lakini niru si zege. Ni tabaka la saruji na mchanga lenye unene wa sentimita chache, lililolala juu bila kushikana vizuri na kilicho chini. Bolti iliyoshika kwenye niru haijashika kitu. Vigae navyo ni hivyo hivyo: hung'olewa kwanza mahali nguzo itakaposimama.

Namna ya kupima haina gharama kubwa. Fundi atoboe tundu dogo mahali nguzo inapotarajiwa kukaa, mpaka drili ianguke kwenye mawe au udongo. Kisha apinde ncha ya waya, auingize, auvute hadi unase chini ya zege, na apime. Aondoe unene wa niru. Kinachobaki ndicho kipimo halisi. Afanye hivyo sehemu mbili au tatu, maana sakafu nyingi ni nene pembeni na nyembamba katikati. Vumbi linalotoka nalo lina habari: zege zuri hutoa unga wa kijivu na drili hupiga kwa shida, zege bovu hutoa mchanga, na drili huzama kama kwenye tofali bichi.

Aidha agonge sakafu kwa nyundo asikilize. Mlio wa mtungi mtupu maana yake udongo umeshuka chini na zege linaelea. Na kama kuna ufa au kiungio cha zege, bolti yoyote inatakiwa ikae mbali nacho angalau inchi 6. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa lifti, hata kuuziba ufa kwa saruji hakutoshi, kwa sababu zege lililopasuka tayari ni vipande viwili.

Hesabu ya mifuko

Sakafu ikishindwa mtihani, habari si mbaya kama inavyodhaniwa. Hakuna haja ya kuvunja banda zima. Njia inayotumika sana ni kukata miraba miwili, kila mmoja futi 4 kwa futi 4, mahali nguzo zitakaposimama, kuchimba, kushindilia, kupanga nondo na kumwaga zege lenye kina cha sentimita 30. Nondo za msingi mpya zinaunganishwa na sakafu ya zamani kwa kutoboa kingo zake, ili msingi usicheze peke yake.

Hesabu yake ni hii. Mraba mmoja wa mita 1.2 kwa 1.2 kwa kina cha mita 0.3 ni mita za ujazo 0.43. Miwili ni karibu 0.87. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 1.5 kwa 3, yaani saruji sehemu moja, mchanga sehemu moja na nusu na kokoto sehemu tatu, mita moja ya ujazo hula mifuko 8 hivi ya kilo 50. Kwa hiyo misingi yote miwili inahitaji mifuko 7 ya saruji.

Mifuko 7. Mwekezaji aiweke kando ya bei ya lifti, usafiri wake kutoka bandarini na ushuru wake, ndipo atajua ni jambo dogo kiasi gani lililokuwa likiachwa.

Anayejenga banda jipya kabisa la mita 4 kwa mita 6 kwa unene wa sentimita 15, na kuongeza kina chini ya nguzo, atahitaji takriban mita 4 za ujazo, sawa na mifuko 32. Asishawishike kushuka kwenye mchanganyiko wa 1 kwa 3 kwa 6 kwa ajili ya kuokoa. Huo hula mifuko 4 na nusu hivi kwa mita ya ujazo, na ni zege la kuweka chini ya msingi, si la kushika bolti.

Kuna mambo matatu ambayo huharibu zege zuri. La kwanza ni maji. Mfuko mmoja hutosheka na lita 25 hivi, na chini ya hapo kama mchanga umelowa. Fundi akiongeza maji ili zege liteleze, anapunguza nguvu yake palepale. La pili ni mchanga wenye udongo. Mchanga wa korongoni ushikwe mkononi, na ukiacha tope uoshwe au ukataliwe. La tatu ni aina ya saruji. Madukani kuna daraja la 32.5 na la 42.5, na namba imeandikwa kwenye mfuko. Kwa kazi hii 42.5 ndiyo inayofaa. Mfuko uliokaa ghalani hadi ukafanya mabonge haufai hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa.

Siku 28 zina bei yake

Gharama kubwa ya sakafu ni muda. Zege hupimwa nguvu yake likiwa na siku 28, na watengenezaji wengi wa lifti hukataza kutoboa na kukaza bolti kabla ya siku hizo. Katika wiki ya kwanza ni lazima limwagiliwe maji au lifunikwe kwa magunia na nailoni. Karatu, iliyoko kwenye nyanda za juu, huwa na usiku wa baridi hasa Juni hadi Agosti, na baridi huchelewesha saruji kushika. Kwa hiyo kukimbiza siku ni kujidanganya.

Mfanyabiashara atauliza: siku 28 bila kazi nitazipata wapi? Jibu liko kwenye kalenda ya utalii. Wageni huwa wengi Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia sikukuu za Desemba hadi Februari. Aprili na Mei ni masika; wageni hupungua, na wenye magari huyaleta kwa matengenezo makubwa. Kwa hiyo anayetaka kuvuna Aprili amwage zege mapema Machi, banda likiwa na paa tayari. Aliyechelewa asubiri Novemba, wakati wa vuli, ili Desemba imkute amejiandaa. Asiyefaa kuigwa ni yule anayepokea lifti mwezi Juni, akamwaga zege Jumatatu na kuinua gari Jumamosi kwa sababu foleni ya wateja imemzidi.

Lifti yenyewe ikiwa njiani kwa meli, muda huo ndio wa kutengeneza sakafu. Wengi hufanya kinyume: husubiri mashine ifike, ndipo huanza kuita fundi wa zege. Mtaji hukaa kwenye sanduku mwezi mzima.

Kutoboa na kukaza

Siku ya kufunga, kazi ina utaratibu wake. Nguzo husimamishwa kwanza mahali pake, umbali ukipimwa kwa mshazari ili zikabiliane sawasawa. Mashimo ya bamba la nguzo ndiyo kiongozi cha drili. Matundu hayatobolewi kwa kukisia. Bolti za kutanuka zinazotumika sana ni za inchi 3/4, na ncha ya drili lazima iwe ya inchi 3/4 hiyo hiyo, ya chuma kigumu cha kutobolea zege. Ncha iliyochakaa hutoa tundu jembamba, na ya kubahatisha hutoa tundu pana. Vyote ni hasara.

Tundu likishatobolewa wima, vumbi lote lipulizwe nje kwa pampu na kusuguliwa kwa brashi. Hili ndilo hatua inayorukwa kuliko zote. Vumbi likibaki, kabari ya bolti huteleza juu ya unga badala ya kuuma zege. Bolti hupigwa kwa nyundo nati yake ikiwa imewekwa juu kabisa kulinda meno.

Kisha nguzo hunyooshwa kwa timazi na pimamaji. Kama sakafu imeinama kidogo, vibamba vya chuma huwekwa chini ya bamba karibu na bolti. Watengenezaji wengi hawaruhusu vizidi nusu inchi. Vipande vya mbao, vya bati la paa au vya tairi havina nafasi hapa.

Kukaza hufanywa kwa spana ya kipimo, si kwa nguvu ya mwili wala kwa mashine ya kugonga. Vitabu vingi hutaja kati ya futi-paundi 85 na 150. Ili msomaji apate picha, mtu akiegemea kwa kilo 30 mwishoni mwa spana yenye urefu wa nusu mita, anafikia kama 110. Bolti inayozunguka na kuzunguka bila kufikia kipimo imeshatoa hukumu: zege ni dhaifu au tundu ni kubwa. Haitibiwi kwa kuongeza washa. Zege linavunjwa na kurudiwa.

Kuna pia nanga za gundi, ambazo fito zake hugandishwa kwenye tundu kwa dawa maalumu. Ni nzuri, lakini zinahitaji tundu safi zaidi na muda wa kuganda unaorefuka kukiwa na baridi. Zitumike pale tu mtengenezaji wa lifti anapoziruhusu.

Jaribio la kwanza ni kuinua gari sentimita chache tu, kulitikisa, na kutazama mabamba ya chini. Kisha hadi juu, kulishusha juu ya kufuli za usalama, kuliacha kwa muda, kulirudisha chini na kukaza bolti tena kwa kipimo. Baada ya hapo ukaguzi wa nati uwe kwenye daftari la gereji kama ilivyo kwa mafuta na vipuri. Umeme unapokatika gari likiwa juu, ni kufuli hizo za chuma, si mafuta ya hidroliki, zinazopaswa kubeba mzigo.

Ardhi ya Bonde la Ufa

Kuna mambo mawili ya mahali hapa ambayo kitabu kilichoandikwa ng'ambo hakiwezi kuyajua. Kwanza ni udongo. Viwanja vyenye udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba masika na kupasuka kiangazi, na sakafu hupanda na kushuka nao. Hapo lazima udongo uondolewe na kujazwa mawe yaliyoshindiliwa, na maji ya paa yaelekezwe mbali na banda.

Pili, tuko kando ya Bonde la Ufa. Tarehe 17 Julai 2007 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitokea eneo la Gelai, jirani na Oldoinyo Lengai, na lilisikika hadi Nairobi. Mlima huo ulilipuka miezi iliyofuata. Gereji ya Karatu basi isiache gari limening'inia usiku kucha bila sababu, na baada ya mtikisiko wowote nati zote zikaguliwe kabla ya gari la kwanza kuinuliwa.

Mwekezaji aulize nini

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwenye eneo la kazi kulisajili kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Kuwa nyuma ya nyumba hakuifanyi gereji yenye vibarua kuwa jikoni. Vilevile mwajiri anatakiwa kujisajili na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mshirika anayeweka fedha na kufumbia macho mambo haya anajiwekea deni asilolijua.

Kabla ya kutoa fedha, safu hii inamshauri msomaji amwombe fundi majibu ya maswali sita:

1. Unene wa zege bila niru ni sentimita ngapi, na umepimwa sehemu ngapi?
2. Zege lilimwagwa tarehe gani na kwa mchanganyiko upi?
3. Kitabu cha lifti kiko wapi, na kinataka nini kuhusu sakafu na bolti?
4. Bolti ni zile zilizokuja na mashine, au zimenunuliwa kwingine?
5. Spana ya kipimo ni ya nani, na nani atakayekagua nati kila mwezi?
6. Paa liko juu kiasi gani? Gari la watalii lenye kimo cha mita 2.3 likiinuliwa mita 1.8 linahitaji zaidi ya mita 4 za nafasi.

Fundi anayejibu bila kusita ni mshirika wa kweli. Anayesema sakafu ni ngumu kwa sababu lori lilipita juu yake hajalielewa tatizo. Lori hukandamiza sakafu, lifti huivuta. Zege hustahimili kukandamizwa kwa kiwango kikubwa, lakini kuvutwa hulishinda mapema.

Kama sakafu haiwezi kurekebishwa, kwa mfano banda ni la kupanga na mwenye nyumba hataki livunjwe, ziko njia nyingine. Lifti ya nguzo nne husimama kwa miguu yake na hukandamiza zaidi kuliko kuvuta, ingawa inahitaji nafasi kubwa na gari hukaa juu ya magurudumu yake. Shimo lililojengwa vizuri, lenye ngazi na hewa, bado ni chombo halali cha biashara. Ni afadhali kupata faida ndogo kwa shimo kuliko kulipia Land Cruiser ya mteja, na pengine mazishi ya kijana wa watu.

Soko la matengenezo ya magari Karatu lipo na litaendelea kuwepo maadamu magari yanashuka kreta. Anayetaka kuingia aingie. Ila fedha yake ya kwanza iende kwenye mifuko 7 ya saruji, na subira yake ya kwanza iwe ya siku 28.